Kuhariri pamoja picha za kamera tofauti: kazi ya harusi kutoka kwenye kadi hadi kwenye flashi

Kazi ya harusi ya Dar es Salaam siku hizi humfikia mhariri ikiwa mchanganyiko. Kuna kamera mbili za Sony zilizokuwa ukumbini, kamkoda ya zamani iliyosimama kwenye stendi nyuma ya meza za wageni, droni iliyopaa nje ya kanisa, iPhone ya mdogo wake bibi harusi, na klipu za WhatsApp kutoka kwa mashangazi waliokaa mbele. Ukizimwaga zote kwenye taimlaini moja (ule mstari wa kupangia klipu kwenye programu ya kuhariri) zitacheza, na dakika tano za mwanzo utaona mambo safi. Balaa liko mbele: mdomo wa MC unaachana na sauti yake, mikono ya wanaocheza inatoa vimistari pembeni, picha ya iPhone imepauka, na laptop inagandaganda kila ukigusa kitufe cha kucheza.

Wengi huhangaikia tofauti ya 4K na HD, kumbe hiyo ndiyo rahisi kuliko zote. Programu inakuza na kupunguza picha bila kelele. Kinachoharibu kazi ni muda: klipu ina fremu ngapi kwa sekunde, na je, idadi hiyo inabaki palepale mwanzo hadi mwisho? Kwa hiyo anza na muda, halafu picha za intalesi (zile za kamkoda zenye vimistari), halafu sauti, halafu rangi. Ukubwa uache mwisho kabisa.

Kunakili kadi

Nakili kadi nzima, usichague klipu moja moja. Kamkoda zinazorekodi kwa mfumo wa AVCHD huficha picha ndani ya folda ya PRIVATE, na faili za .MTS zinategemea taarifa zilizo kwenye folda za jirani. Sony zinazorekodi kwa mfumo wa XAVC S huweka klipu ndani ya PRIVATE, kisha M4ROOT, kisha CLIP, pamoja na faili ndogo za XML. Ukibeba video tu ukaacha hizo nyingine, mara nyingi utapona, lakini siku ambayo rekodi moja ndefu imegawanyika vipande programu haitajua kwamba ni kitu kimoja.

Kila kamera ipewe folda yake: A_SONY, B_SONY, C_KAMKODA, D_DRONI, E_SIMU. Usibadilishe majina ya faili zilizo ndani. GoPro, kwa mfano, inaandika sehemu za rekodi moja kama GX010045, GX020045, GX030045: tarakimu mbili baada ya herufi ni namba ya sehemu, nne za mwisho ni namba ya rekodi. Ukizipanga kwa jina tu, sehemu ya pili ya rekodi hii itaangukia mbali na ya kwanza. Kadi isifutwe mpaka picha ziwe kwenye diski mbili zilizo tofauti.

Kadi bandia ziko nyingi madukani. Kadi mpya ijaze na kuisoma upya kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla haijaingia kwenye kamera. Kadi iliyodanganya ukubwa hurekodi vizuri mpaka nafasi yake ya kweli iishe, kisha inaandika hewa, na hutajua mpaka siku ya kunakili.

Kujua ulichopewa

Sakinisha MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha taarifa za faili la video. Fungua klipu moja kutoka kila kamera na uandike vitu sita: kodeki (njia iliyotumika kugandamiza video), kasi ya fremu na kama ni "Constant" au "Variable", aina ya skani (progresivu, yaani fremu nzima nzima, au intalesi), idadi ya biti pamoja na 4:2:0 au 4:2:2 (kiasi cha taarifa za rangi zilizohifadhiwa), mfumo wa rangi, na sampuli za sauti. Ni dakika kumi za kazi, nazo zinaokoa usiku mzima.

Kwa mchanganyiko wetu wa harusi, karatasi yako itakuwa na sura hii. Sony: H.264 au H.265, fremu 25 au 50 zisizobadilika, labda 10-bit 4:2:2. Kamkoda: H.264 ndani ya .MTS, 1080 ya intalesi, sauti ya AC3. Droni: H.264 au H.265, mara nyingi fremu 30 kwa sababu hakuna aliyegusa mipangilio tangu itolewe kwenye boksi. iPhone: HEVC (ndiyo hiyohiyo H.265), fremu karibu 30 zinazopanda na kushuka, rangi za HDR (zenye mwanga mpana kuliko video ya kawaida). WhatsApp: H.264 iliyokamuliwa mpaka basi.

Taimlaini ni ya fremu 25

Kwa kazi inayopigwa hapa na kuangaliwa hapa, weka 1080p25, yaani mistari 1080, progresivu, fremu 25. Sababu ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ya fremu 25 yenye shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50 inakula idadi ileile ya mipepeso katika kila fremu, kwa hiyo mwanga unatulia. Simu ya fremu 30 ikitumia shata ya 1/60, fremu hii inapata mwanga kidogo zaidi na ile kidogo pungufu, na ukutani zinapita bendi za giza. Bendi zikishaingia kwenye picha, kuzitoa ni kazi kubwa isiyolipa. Ukipata nafasi ya kuongea na wapigaji kabla ya shughuli, waambie wote waweke 25, shata 1/50, au 1/100 kama mwanga ni mwingi. Kwenye iPhone, ndani ya mipangilio ya kamera kwenye kurekodi video, kuna swichi ya "Show PAL Formats" inayoleta fremu 25.

Usichague 24 kwa sababu mtu amekwambia ndiyo ya sinema. Na kama kazi yote ni ya simu na inaishia TikTok, hapo 30 ni sawa. Kanuni ni kwamba kamera iliyobeba maneno, yaani nadhiri, hotuba na nasaha, ndiyo inayotawala taimlaini. Nyingine zote zinamfuata yeye.

Weka kasi hii kabla ya kuingiza klipu hata moja. Katika programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, kasi ya fremu ya mradi inafungwa ukishaingiza picha, na mwenzake Premiere itakuuliza kama ibadilishe sikwensi (taimlaini yake) ifanane na klipu ya kwanza uliyoiburuta. Ukijibu ndiyo, na klipu hiyo ikawa ya droni, umekwisha: harusi nzima inakuwa ya fremu 30.

Sasa hesabu za kila kasi. Fremu 50 kwenda 25 ni safi kabisa, inaachwa moja inachukuliwa moja. Au ipunguze mwendo hadi asilimia 50 upate slomo nzuri. Fremu 60 kwenda 25 haigawanyiki sawasawa, lakini kwa kuwa fremu ni nyingi jicho halisumbuki sana, na kwa slomo unaiweka asilimia 41.67. Fremu 24 iharakishe hadi asilimia 104.17.

Fremu 30 ndiyo korofi. Kila sekunde lazima fremu tano zitupwe, na kamera ikizunguka taratibu utaona picha inaruka hatua. Kwa klipu isiyo na sauti ya maana, kama droni juu ya kanisa, maua, au gari la maharusi likipita Daraja la Tanzanite, iambie programu iisome kama ya fremu 25. Itacheza kwa asilimia 83.33 ya mwendo wake, kila fremu ikiwa nzima, na mwendo huo wa pole huwa unapendeza. Kwa watu wanaocheza muziki usijaribu. Singeli kwa asilimia 83 ni kichekesho. Klipu zenye maneno au muziki zikubali kutupiwa fremu tano, zitumie vipande vifupi, na epuka zile ambazo kamera inazunguka. Kuna ile njia ya programu kubuni fremu mpya kati ya mbili, optiko flo. Inafanya vizuri kwenye mandhari tulivu, lakini vidole, shanga na mikunjo ya khanga vinayeyuka.

Simu na fremu zinazoyumba

Simu hupunguza fremu gizani ili ipate mwanga, na huziachia pia ikipata joto. Kwa hiyo klipu inayoitwa ya fremu 30 inaweza kuwa na 29 hapa na 24 pale. Programu ya kuhariri ikidhani zote ni 30 zilizopangwa sawa, picha inamalizika kabla ya sauti. Ndiyo maana mdomo unaachana na maneno taratibu, si kwa mkupuo. Matoleo mapya ya Premiere yanajitahidi kuzifuata, na kwa klipu fupi yanafaulu. Kwa rekodi ya dakika arobaini ya mahubiri, usibahatishe. Igeuze kwanza.

Chombo chake ni FFmpeg, programu ya bure isiyo na dirisha, unaiandikia amri:

ffmpeg -i IMG_0412.MOV -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 1 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le -ar 48000 IMG_0412_25.mov

Sehemu ya fps=25 inasoma muhuri wa muda wa kila fremu, kisha inapanga fremu 25 kamili kila sekunde, ikirudia au kutupa panapohitajika. prores_ks yenye profile 1 ni ProRes 422 LT, aina nyepesi ya ProRes, kodeki ya kuhariria. Mwisho, sauti inatolewa kwenye mgandamizo na kuwekwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Kama unataka ile slomo ya asilimia 83, andika fps=30, halafu ndani ya programu isome kama 25. Simu iliyopigwa imelazwa au kusimamishwa, FFmpeg yenyewe inaigeuza upande sahihi.

Kwa folda nzima kwenye Windows, tengeneza folda iitwayo tayari, fungua dirisha la amri hapohapo, uandike:

for %f in (*.MOV) do ffmpeg -i "%f" -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 1 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le -ar 48000 "tayari\%~nf.mov"

Anayeogopa amri atumie HandBrake, achague 25 na "Constant Framerate", na ubora wa RF 16 hadi 18. Inatoa H.264, si ProRes, lakini tatizo la muda linakwisha.

Kamkoda na vimistari

Picha ya intalesi haina fremu nzima. Ina nusufremu 50 kwa sekunde, moja yenye mistari ya shufwa na moja ya witiri, zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti. Kitu kikisogea kati ya nyakati hizo, mistari haikutani, na kwenye skrini ya kompyuta unaona kingo zilizochanika. Amri ya kuisafisha:

ffmpeg -i kamkoda.mts -vf bwdif=mode=send_frame -c:v prores_ks -profile:v 1 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le -ac 2 -ar 48000 kamkoda_25p.mov

Ukiandika send_field badala ya send_frame unapata fremu 50 kamili, zinazofaa kwa slomo. Sauti ya AC3 imegeuzwa kuwa PCM (sauti isiyogandamizwa) ya chaneli mbili hapohapo, kwa sababu si kila programu inaisoma AC3, na klipu bubu ni malalamiko ya kawaida kwa watu wa .MTS.

Mambo matatu hukosewa hapa. La kwanza, kukuza au kupunguza picha kabla ya kuondoa intalesi. Ukifanya hivyo mistari ya nusufremu mbili inachanganyika na hakuna wa kuitenganisha tena. La pili ni mpangilio wa nusufremu: kanda za zamani za DV huanza na nusufremu ya chini, HDV na AVCHD huanza na ya juu. Ukikosea, kila kinachosogea kinatetemeka mbele nyuma; kwenye amri, baada ya send_frame, ongeza :parity=bff kwa DV, au :parity=tff kwa hizo nyingine. La tatu ni kinyume chake: kuna kamera zinazorekodi 25 progresivu kisha zinaibandika lebo ya intalesi. Simamisha picha mahali penye mtu anayepunga mkono. Kama hakuna mchaniko, usiisafishe, maana utapoteza ukali bure. Iambie programu tu kwamba klipu ni progresivu.

Kamkoda nyingi hukata rekodi ndefu kila ikifika karibu GB 2. Ukiona 00000, 00001 na 00002 zote zina ukubwa huo isipokuwa ya mwisho, hiyo ni rekodi moja. Ziunganishe kabla ya kuzisafisha, la sivyo kwenye kila kiungo sauti itakatika kidogo, na mara zote inakatika katikati ya neno la mzee anayetoa nasaha:

copy /b 00000.MTS+00001.MTS+00002.MTS kamkoda.mts

Kamkoda nyingine za HD hurekodi 1440 kwa 1080, zikitegemea pikseli pana kujaza skrini. Programu nyingi zinajua. Kuhakikisha, tafuta kitu cha duara kwenye picha, sahani au tairi la gari. Kikiwa yai, rekebisha uwiano wa pikseli uwe 1.333.

Kwa nini laptop inaganda

H.264 na H.265 hazihifadhi kila fremu. Ni kama daftari la madeni la Mangi: ukurasa mmoja una jumla yote, kurasa zinazofuata zimeandika kilichoongezeka tu. Ukitaka kujua deni la Alhamisi lazima urudi kwenye jumla ya Jumatatu uhesabu kuja mbele. Prosesa inafanya hesabu hiyo kila unaporuka kwenda mahali papya kwenye taimlaini, na kwa kamera tatu zikicheza pamoja inaifanya mara tatu. ProRes na DNxHR huandika kila fremu kamili, ndiyo maana zinacheza laini, na ndiyo maana ni nzito kwenye diski.

Uzito wenyewe, kwa 1080p25: ProRes 422 ni megabiti 122 kwa sekunde, yaani karibu GB 55 kwa saa. LT ni 85, karibu GB 38 kwa saa. Proxy ni 38, karibu GB 17 kwa saa. ProRes 422 ya 4K inafika 492, zaidi ya GB 220 kwa saa, kwa hiyo kugeuza kila kitu kuwa 4K ProRes ni njia ya kununua diski kila wiki.

Ushauri wetu ni kugawa kazi. Geuza moja kwa moja zile tu zenye kasoro, yaani simu zenye fremu zinazoyumba na kamkoda ya intalesi. Sony na droni ziache kama zilivyo, uzitengenezee proksi (nakala nyepesi za kuhariria tu) za 720 kwa ProRes Proxy. Ukubwa wake ni karibu nusu ya ile ya 1080. Proksi lazima iwe na kasi ileile ya fremu, saa ileile ya taimukodi na idadi ileile ya chaneli za sauti kama klipu mama. Chaneli zikitofautiana Premiere inakataa kuziunganisha.

Kama una Sony ya H.265 10-bit 4:2:2, angalia mashine kabla ya kulaumu programu. Laptop za mtumba za Core i5 kizazi cha 8 zilizojaa mjini zina sehemu ya kufungua H.265 10-bit, lakini ya 4:2:0 tu. 4:2:2 zinaibeba kwa nguvu za prosesa peke yake, na zinashindwa. Intel za kizazi cha 11 kwenda juu na Mac za M1 kwenda mbele zinaifungua vizuri. Kadi za NVIDIA hazikuwa nayo mpaka RTX za familia ya 50. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kadi ya bei mbaya na bado picha ikaganda. Dawa ni proksi, si kuongeza RAM.

Picha unazofanyia kazi ziwe kwenye SSD. Diski ya kuzunguka inaweza kutoa megabaiti 100 kwa sekunde ikisoma faili moja mfululizo, lakini kamera nne kwa pamoja zinaifanya irukeruke na kasi inaanguka.

Sauti na kuoanisha

Chagua sauti moja iwe mama: rekoda iliyochukua waya kutoka kwenye mixa ya ukumbi, kama ipo. Sauti za kamera zitumie kuoanisha tu, pamoja na vigelegele na makofi, ambavyo mixa haivipati. Programu zote kubwa zinaoanisha kwa kulinganisha mawimbi ya sauti. Zinafanya vizuri, ila kuna mtego kwenye kumbi kubwa.

Sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu. Fremu moja ni milisekunde 40, sawa na mita 14. Kamera iliyo mita 28 kutoka kwenye spika iliyo karibu nayo inasikia fremu mbili baada ya mixa. Programu ikilinganisha mawimbi, itaivuta kamera hiyo nyuma ili sauti zikutane, na picha yake itakuwa imetangulia fremu mbili. Baada ya kuoanisha, klipu za kamera zilizokuwa nyuma ya ukumbi zisogeze mbele kwenye taimlaini kwa kuangalia mdomo au makofi.

Kisha nenda mwisho wa rekodi uangalie tena. Rekoda na kamera kila moja ina saa yake, na hazikubaliani kabisa. Zikiachana fremu 6 kwa saa moja, ni fremu moja kila dakika kumi. Kunyoosha sauti kwa asilimia 0.0067 kwenye programu zinazokubali tarakimu mbili tu baada ya nukta haiwezekani, kwa hiyo kata sauti kila baada ya dakika kumi, mahali penye kimya au makofi, uisogeze fremu moja. Hakuna atakayesikia.

Rangi

Kabla ya kulinganisha chochote, kila klipu itafsiriwe kuwa Rec.709, mfumo wa rangi wa kawaida wa HD. Kwenye Resolve washa usimamizi wa rangi wa mradi, toleo liwe Rec.709, halafu iambie kila folda ilikotoka: iPhone ya HDR ni Rec.2100 HLG, Sony iliyopigwa kwa S-Log3 (picha iliyopaukishwa makusudi ili rangi zirekebishwe baadaye) ni S-Gamut3.Cine au S-Gamut3 kulingana na alivyoweka mpigaji, kamkoda ni Rec.709. Droni za DJI nazo zina picha zilizopaukishwa za D-Log na D-Log M, na si kitu kimoja. LUT (jedwali la kugeuza rangi) ya hii kwenye ile inatoa weusi uliozama na rangi za katuni. Simu uliyoigeuza kwa FFmpeg ipitishe tena kwenye MediaInfo uone kama lebo ya HLG bado ipo. Kama imepotea, iweke kwa mkono ndani ya programu.

Kama klipu ina weusi uliozama na weupe uliowaka huku nyingine ziko sawa, huenda imerekodiwa kwa kiwango kamili cha 0 hadi 255 na programu inaisoma kama 16 hadi 235. Badilisha "Data Levels" kwenye sifa za klipu. Usianze kuvuta mistari ya rangi (curves) kwa tatizo la swichi.

Sasa chagua kamera ya mfano, na iwe ile dhaifu kuliko zote kati ya zinazoonekana sana. Picha ya 8-bit ya kamkoda haivumilii kuvutwa. Ya Sony inakubali kushushwa. Anza na mwanga kwenye chati ya wimbi (waveform), inayoupima kwa asilimia. Mafunzo mengi ya kigeni yanasema uso ukae karibu asilimia 70, na hicho ni kipimo cha ngozi nyeupe. Nyuso nyingi za hapa hukaa vizuri kati ya 35 na 55. Ukizilazimisha 70 zinakuwa za kijivu na gauni la bibi harusi linaungua. Tumia gauni hilohilo kama kipimo cha weupe, likae asilimia 85 hadi 90, mikunjo yake ionekane. Kwa rangi ya ngozi yenyewe angalia vektaskopu, chati ya duara inayoonyesha rangi: ule mstari wa ngozi unafaa kwa watu wote, kinachotofautiana ni mwanga.

Taa za LED za zambarau ukumbini hazirekebishiki kwa mizani ya weupe, kwa sababu rangi nyingine hazimo kabisa kwenye mwanga huo. Punguza kolezo la zambarau na bluu kidogo, usonge mbele. Mwisho punguza ukali wa simu, ambazo hujinoa zenyewe kupita kiasi, na uisafishe kamkoda chembechembe kwa kiasi kidogo.

Ukubwa, na klipu za WhatsApp

Klipu ya 4K kwenye taimlaini ya 1080 unaweza kuikuza hadi mara mbili bila hasara. DV ya 720 kwa 576 itakuzwa mara 1.875 kujaza kimo. Itakuwa laini, kwa hiyo usiikate karibu. Video za simu iliyosimama zikiwekwa kimo kamili zina upana wa pikseli 607, na tatu zikikaa pamoja zinajaza 1,821 kati ya 1,920. Mashangazi watatu wakipiga vigelegele kwa pamoja ni bora kuliko ule ukungu wa pembeni ambao kila mtu ameuchoka.

Klipu iliyokuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapoteza, hairudi. Mwombe mwenyewe aitume tena kama dokumenti. WhatsApp inakubali hadi GB 2 kwa faili.

Kutoa kazi

Hakikisha programu imerudi kwenye klipu mama, si proksi. Toa masta moja ya ProRes 422, kisha kutoka kwenye hiyo utengeneze nakala za YouTube, flashi na simu. Kwa nakala nzuri ya kuhifadhi, H.264 ya 1080p25 kwa megabiti 15 hadi 20 inatosha. Saa tatu kwa 15 ni karibu GB 20.

Faili la MP4 huandika faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika asilimia 97, unabaki na gigabaiti nyingi zisizofunguka. Toa kazi kwa sehemu, kanisani peke yake, ukumbini peke yake, na kama mashine ni ya mezani iwe kwenye UPS.

Televisheni nyingi za nyumbani zinasoma flashi ya FAT32, na hiyo haipokei faili linalofika GB 4. Kwa megabiti 8 za picha, saa moja pamoja na sauti ya AAC ni chini kidogo ya GB 3.8, kwa hiyo gawanya kwa saa moja moja. Flashi ukishaijaza, itoe, ichomeke kwenye televisheni, uruke hadi dakika ya mwisho ya kila sehemu, utazame mdomo wa anayeongea.